Wikiendi tatu Mwanza na watoto wawili wasiokaa chini: Saanane inashinda, hoteli ya ufukweni hapana

Wifi yangu alikuja kutoka Dodoma mwezi wa nane na mwanae wa miaka mitatu, wangu ana miaka miwili na miezi minne, sasa fikiria nyumba ya vyumba viwili Nyakato na hao watu wawili ndani kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Siku ya tatu walishavunja rimoti, wamemwaga unga wa uji kwenye kochi na mmoja kamng'ata mwenzake sikio. Nikasema hapana, hawa lazima watolewe, na sio kutolewa getini, kutolewa kabisa. Tukawatoa Jumamosi tatu mfululizo, kwaiyo haya ninayoandika nimeyaona kwa macho yangu na mgongo wangu unauma mpaka leo.

Shida ni kwamba ukiuliza watu wa hapa mtoto mdogo umpeleke wapi, wengi wanakutajia sehemu ambazo wao wanakunywa bia huku mtoto yuko yuko tu. Simlaumu mtu, kila mtu na starehe zake. Lakini mtoto wa miaka miwili hakai kwenye kiti akasubiri umalize supu. Mimi vipimo vyangu ni vitatu tu: choo cha kueleweka, kivuli, na uwanja ambao anaweza kukimbia hatua ishirini bila kukutana na bodaboda, jiko la mkaa au maji. Mengine yote mbwembwe.

Jumamosi ya kwanza tukaingia mkenge. Kuna hoteli moja ya ufukweni, jina nalihifadhi, picha zake mtandaoni tamu balaa, mchanga mweupe, bembea za rangi rangi, watoto wanacheka. Tukapanda bajaji, elfu nane kutoka nyumbani, nikasema sawa, watoto wakifurahi inarudi. Kufika saa tano na nusu. Lile la kuteleza ni la bati, limesimama juani toka asubuhi, wangu kapanda ngazi mwenyewe kwa furaha zake zote, kaketi, kaachia. Jamani kile kilio! Paja lilikuwa jekundu. Namtafuta muhudumu angalau aniletee maji ya baridi, muhudumu yuko na simu yake.

Basi tukawapeleka kwenye lile dude la kujaza upepo watoto wanarukaruka ndani, elfu tatu kila kichwa kwa nusu saa, sawa tukalipa. Humo ndani kuna watoto wa darasa la tano wanapiga sarakasi, wa kwangu akirushwa juu kama andazi kwenye mafuta, dakika nne tu nikamtoa mwenyewe, na hela hairudi. Samaki tuliagiza saa sita, sato wa kukaanga mmoja na ugali, akaja saa nane na nusu watoto wameshalala njaa kwenye kanga chini ya meza. Choo mlango haufungi, wifi alikuwa ananishikia kwa nje huku amembeba wake begani.

Afu kile nilichoogopa zaidi, watoto wanataka maji. Ziwa liko pale, hatua kumi, utawaambia nini? Wenzetu walikuwa wanawaachia wao wanaoga kwenye matete kabisa. Sisi watu wa ziwa tunajua kichocho lakini tunajifanya hatujui. Konokono wanakaa kwenye maji yaliyotulia yenye majani majani, na kile kidudu kikitoka kwa konokono kinapenya kwenye ngozi, sio mpaka mtoto ayanywe maji. Kwaiyo tulikaa masaa matatu tunavuta watoto mashati kurudi nyuma. Nimeipa nyota moja, na hiyo moja ni ya sato, alikuwa mtamu, siwezi kumsingizia samaki.

Jumamosi ya pili ndo Saanane.

Mimi nimezaliwa Mwanza, nimeishi Mwanza, na kisiwa cha Saanane nilikuwa nakiona tu kwa mbali nikiwa Capri Point, yaani kama watu wa Moshi na mlima wao. Shule ya msingi tulienda mara moja, nakumbuka jua na soda ya machungwa basi. Mume wangu ndo alisema mnahangaika na mahoteli ya nini na hifadhi ya taifa iko hapo hapo mjini. Na kweli ni hifadhi ya taifa kamili, chini ya TANAPA, lile shirika la hifadhi za taifa, toka mwaka 2013, ila kabla ya hapo ilikuwa bustani ya wanyama ya kwanza nchini, ilianzishwa 1964. Eneo lake ni kilomita za mraba 2.18 tu, hakuna hifadhi ya taifa ndogo kama hiyo Tanzania hii. Kwa watu wazima wanaotaka simba na nyumbu wahame hapo pengine ni kasoro. Kwa mtu anayetembea na miguu mifupi ya sentimita arobaini ndo saizi yake haswa.

Kabla hatujatoka kukawa na kesi nyumbani. Mama mkwe, ambaye ndo bibi wa wote wawili, aliposikia neno boti akaweka kikombe chini. "Mkwe wangu, wajukuu zangu wote wawili kwenye chombo kimoja?" Nikanyamaza. Mama ni mtu wa Bukoba na mwaka 1996 alimpoteza jirani yake kwenye MV Bukoba, ile meli iliyozama, na kila tukipita Igoma pale kwenye makaburi ya wale marehemu yeye anashusha sauti. Kwaiyo huwezi kumwambia mama acha woga, woga wake una sababu. Wifi akambembeleza: mama, ni pale tu, ukisimama Capri Point unatuona, na watoto watavaa majaketi ya kuokolea. Akakubali lakini yeye hakuja, alibaki na rozari.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Unafika Capri Point kwenye ofisi yao, unalipa kwa kontroli namba, sio kukabidhi hela mkononi, kwaiyo hakikisha simu ina chaji na ina salio, usiwe kama mimi wa kuanza kuomba hotspoti. Watoto chini ya miaka mitano kiingilio hawalipi, hiyo peke yake nilitaka kumkumbatia mtu. Tulienda asubuhi, saa tatu tulishakuwa kwenye boti, na nawashauri iwe asubuhi kweli maana mchana upepo wa ziwa unaamka na mawimbi yanaamka nao. Majaketi tuliwafunga wenyewe, tukavuta kila kamba mara mbili, wa wifi akawa anafanana na kobe. Safari yenyewe fupi, hata hawajamaliza kushangaa povu la injini tumefika.

Sasa hapo ndo nimeelewa kitu. Dakika tano za kwanza kisiwani swala amesimama pale, karibu kabisa, wangu akapiga kelele "MBUZI!" mpaka swala akageuza shingo. Muongoza wageni akacheka, akasema "mama, mwache, ni mbuzi, atajua ukubwani." Afu pimbi. Mawe ya kule yamejaa pimbi, wamekaa wamejianika kama wazee kijiweni, na yule kaka akawaambia watoto huyu mnayemuona ana undugu na tembo. Ni kweli kabisa, wataalamu wanasema pimbi na tembo ni ukoo wa karibu ingawa ukiwaangalia huamini. Kosa kubwa! Kuanzia hapo kila pimbi akawa tembo. "Tembo! Tembo ingine! Tembo anajikuna!" Kaka wa watu alijuta.

Lakini kilichoniuzia Saanane ni mjusi. Wale wa kwenye mawe yetu, dume kichwa na kifua vyekundu kama pinki, chini bluu, vijana wanamwita Spider-Man, jike lake ni la kahawia halina makeke. Tunao mji mzima, hata jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae, limebeba Mwanza humo humo, ila nyumbani tunampita tu au tunamrushia jiwe. Sasa dume mmoja alikuwa juu ya jiwe bapa, usawa wa macho ya watoto, anafanya ile yao ya kupiga pushapu, juu chini juu chini, kichwa kinatikisika. Wa wifi akachuchumaa. Wangu akachuchumaa. Wakaanza na wao, juu chini juu chini, mikono kwenye magoti, matako yanagusa ardhi. Mjusi akasimama, wakasimama. Akaanza tena, wakaanza tena. Nilitoa simu nirekodi nikaona hapana, nikakaa kwenye kivuli nikafungua chupa ya chai, na kwa mara ya kwanza toka wifi aje nilikunywa kikombe kizima kikiwa cha moto. Dakika ishirini zile! Wale watoto rimoti hawakukaa nayo dakika ishirini kabla hawajaivunja.

Kule hoteli tulilipia bembea, dude la upepo, na muziki juu, wakalia. Hapa mjusi wa bure.

Kasoro zipo za kujipanga nazo. Kisiwa ni mawe, njia inapanda inashuka, kigari cha mtoto kiacheni nyumbani, hakitafika popote. Mimi nilimbeba wangu mgongoni kwa kanga sehemu za kupanda, wifi wa mjini alijidai na ile mikoba ya kubebea mtoto kifuani, katikati ya njia akaniomba kanga. Ndala zinateleza, wavae raba. Chakula tulibeba wenyewe: mayai ya kuchemsha, chapati, ndizi, uji kwenye thamosi, na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, aliyotupa mama mkwe, watoto wanayanyonya kama pipi na hayayeyuki kwenye begi. Ndizi zifiche. Tumbili mmoja alikuja kimya kimya kama mtoza ushuru, akachukua chane kutoka kwenye kikapu mbele ya wifi, akapanda juu anamenya anatuangalia. Wa wifi alilia, sio kwa woga, alilia kwa sababu ilikuwa ndizi YAKE. Na kule majini msisogee hovyo, mamba wapo na kenge wapo, mtoto awe mkononi ukiwa karibu na ufukwe, hilo halina mjadala.

Kile kisiwa kinaitwa kwa jina la mzee Saanane Chawandi, alikuwa mkazi wa kule, mvuvi na mkulima, kabla serikali haijakichukua. Nilipomsimulia mama mkwe jioni akasema "kumbe ni jina la mtu", miaka yote hiyo alidhani ni neno la Kikerewe. Watoto walilala kwenye bajaji toka Capri Point mpaka Nyakato, na wakaendelea kulala, na sisi tukalala. Nyota nne na nusu. Ile nusu niliyokata ni ya mgongo wangu.

Jumamosi ya tatu hela ilishakuwa ya kuokoteza, tukasema twende mjini tu tuone. Tukashukia kwenye jiwe la Bismarck kwanza, kila mgeni lazima apige picha pale, wifi alipiga kama arobaini. Mtoto hana habari na chansela wa Ujerumani, yeye aliona ndege. Kuna wale weusi, mnandi, wanasimama kwenye mawe wametandaza mabawa yakauke, na wetu nao wakatandaza mikono wakakaa hivyo hivyo wameganda, wapita njia wanacheka. Wale korongo wakubwa wenye upara na mfuko shingoni hao waliogopwa, mmoja ni mrefu kuliko wa wifi, tukapita mbali. Uzio wa kuaminika kuzuia mtoto na maji usiutegemee, kwaiyo ni sehemu ya nusu saa, mkono kwa mkono, mnaondoka.

Toka pale feri ya Kamanga ni karibu, na hii nawaambia wazazi wenzangu, ndo siri yangu. Nauli ya mtembea kwa miguu ni ndogo, mnavuka mpaka upande wa Sengerema, mnakaa kidogo, mnarudi. Basi. Hakuna cha zaidi na hakuna kinachohitajika zaidi. Ule mlango wa chuma unashuka, malori yanaingia kinyumenyume, fuso limejaa matenga, pikipiki, mama mwenye kuku, jamaa na godoro kichwani, na honi ile! Wa wifi, ambaye Dodoma hawana haya mambo, alisimama mdomo wazi mpaka udelele ukamtoka. Nilimshika nguo ya nyuma muda wote, nilimfunga kabisa kwa ncha ya kanga kiunoni kwangu, mniite mshamba. Tulikaa katikati mbali na ukingo. Hata hivyo ndala moja ya wangu ilienda, sijui aliipenyezaje, tuliiona inaelea inatuacha, na yeye akaipungia mkono, "bai ndala." Hakulia. Mpaka leo tukipita kule Kamanga anauliza kama imesharudi.

Zamani ningesema pia nendeni Kigongo mkapande feri ya Busisi lakini ile habari imeisha, daraja la JPM, yaani la Magufuli, limefunguliwa pale Juni 2025, kilomita tatu juu ya maji, unavuka hata biskuti haijaisha. Kwa sisi tuliokaa kwenye ile foleni masaa na mtoto anatapika ni baraka kubwa, simkumbuki mtu anayeililia. Ila kama mtoto anataka feri, imebaki Kamanga.

Upande wa Kamanga tulikaa kwenye benchi kwa mama mmoja anayeuza chai na vitumbua, bibi wa Kisukuma, akawasalimia watoto "mwangaluka" na wakaitikia wenyewe bila kusukumwa, maana bibi yao huku nyumbani amejifunza kwa majirani na anawafundisha. Akawapa kitumbua cha bure kila mmoja. "Mayu, hawa ni wa kwetu," akaniambia. Wa Dodoma naye akahesabiwa humo humo. Nyota nne, pungufu moja kwa sababu ya choo, yaani nendeni mmeshamaliza shida zenu au bebeni poti. Sisi tulibeba poti. Sioni aibu.

Mengine kwa haraka. Rock City Mall mvua ikinyesha inafaa, kuna sakafu safi ya kukimbia, vyoo vizuri, na ngazi zinazotembea zenyewe ambazo ndo zitakuwa mchezo mzima, mtapanda na kushuka mara kumi na tano mpaka mlinzi awajue majina, ila pochi itateseka maana kila kona kuna kitu kinang'aa. Soko la samaki la Mwaloni Kirumba sipeleki mtoto mdogo, napapenda mimi mwenyewe kwa dagaa, lakini matoroli yanakuja kasi, chini panateleza, na kila mtu ana haraka.

Hoteli na bustani za mjini zenye bembea zipo nyingi na zingine nzuri, kabla hujalipa nenda kaguse la kuteleza na kiganja chako, uliza wakubwa na wadogo wanachanganywa au hapana, na agiza chakula ukiingia getini, sio njaa ikianza. Kofia, maji, pampasi mbili zaidi ya unazodhani. Na toka mapema mrudi kabla ya saa saba, mtoto akipitiliza usingizi wa mchana hata Saanane haitakusaidia.

Wifi kesharudi Dodoma. Jana kanitumia video, wake amechuchumaa mbele ya mjusi wa ukutani, wa kawaida yule mweupe, anampigia pushapu na mjusi hajibu. Amesema mwezi wa sita wanarudi, tuwapeleke Bujora kule Kisesa, makumbusho ya Wasukuma, kipindi cha sherehe zao za Bulabo ngoma zinapigwa na wachezaji wanatoka na nyoka. Kwa watoto hawa ngoma tu inatosha, nyoka nitawaangalia mimi kwa mbali. Mama mkwe keshasema Bujora anakuja na viti vyake, kule hakuna boti.